Hedifoni Mbili na Wimbo wa Babu Yako

Kemilembe mwanangu,

Saa hizi uko Kibingo unaaga kwa shangazi yako, na najua hatakuachia kabla hujala. Mama yako yuko chumbani anafunga sanduku lako kwa mara ya tatu. Habari za blanketi, za vyeti, za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, zote ameshakwambia, na asubuhi atazirudia. Mimi hayo siyagusi. Nimekuja huku studio, nimefunga mlango. Mashine ya jirani ya kukoboa kahawa imezimwa kwa kuwa ni Jumapili, na mbele yangu mezani ziko zile hedifoni mbili. Nitakuandikia habari za hedifoni. Ndicho kitu pekee ambacho watu wa Omurushaka walikubali kwamba nakijua.

Usicheke. Soma mpaka mwisho.

Unazijua, lakini nitazieleza kana kwamba huzijui. Zile nyeusi nzito nilizonunua mitumbani Bukoba ni za kuziba. Vikombe vyake vimefungwa nyuma na vinafunika sikio lote. Ukizivaa, mashine ya kahawa inahamia Uganda. Sauti ya ndani haitoki, ya nje haiingii. Zile za kijivu, alizoniachia yule mgeni aliyekuja kurekodi ngoma za wazee, ni za wazi. Nyuma ya vikombe vyake kuna wavu wa chuma. Unachosikiliza kinatokea upande wa pili, na ya nje yanaingia: jogoo, bodaboda, mvua kwenye bati. Aliyekaa karibu nawe anasikia wimbo wako kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Nianze na kwaya, maana ndiyo iliyokulipia shule. Ukiisikiliza kwaya kwa za kuziba, waimbaji wote wanaingizwa stoo na kusimama wamebanana. Maneno unayapata vizuri, hata aliyechelewa kuvuta pumzi unamkamata, lakini hujui nani yuko wapi. Vaa za wazi, ukuta wa stoo unaanguka. Soprano wako kushoto, besi kulia kwa nyuma, na katikati yao unasikia kanisa lenyewe, ile sauti inayogonga ukuta wa mwisho na kurudi imechoka kidogo. Siku ya kwanza nilipozivaa niligeuka kutazama mlangoni nikidhani wamefika kwa mazoezi. Mama yako alinicheka wiki nzima.

Muziki wa vijana ni habari nyingine. Singeli kwa hedifoni za wazi ni uji uliozidishiwa maji: rangi unaiona, shibe huipati. Kwa za kuziba, ngoma inakugonga kwenye taya. Hilo nililijua kwa aibu. Yule msanii wa Rubwera aliponiletea wimbo wake wa kwanza, niliumiksi kwa za wazi peke yake, kwa sababu zilikuwa ngeni kwangu na nilikuwa nazionea fahari. Besi nikaiona ndogo, nikaongeza. Nikaongeza tena. Siku alipompa dereva wa basi la Bukoba aupige njiani, vioo vilianza kutetemeka stendi, mama mmoja akashika kifua akisema moyo unamhama, na kabla ya Kayanga dereva akauzima. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Msanii alirudi hapa kesho yake, akakaa kwenye benchi, hata shikamoo hakumaliza vizuri.

"Mzee," akasema, "mimi nilileta wimbo. Umenirudishia tetemeko."

Tukaurudia bure, safari hii kwa hedifoni zote mbili, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuna hedifoni inayosema kweli yote. Ile inayokupendeza ndiyo ya kuichunga zaidi. Bongo fleva ya taratibu iko katikati: sauti ya mwimbaji huwa inakaa vizuri kwenye za kuziba, karibu na sikio, lakini ukitaka kujua kama kinanda kimemfunika, nenda kwenye za wazi.

Rumba haina mjadala. Kwa za kuziba, magitaa matatu yanakanyagana vidole. Kwa za wazi kila moja lina kiti chake, na lile la solo likianza kupanda unaweza karibu kulinyooshea kidole lilipo. Nimesikiliza rumba hivyo jioni nyingi badala ya kurudi nyumbani kula. Hilo nalo ni kosa, lakini mama yako alishalihukumu, kesi imekwisha.

Sasa enanga. Wenzako huko chuoni Morogoro hawataijua, kwa hiyo uwaambie: ni ubao mrefu uliochongwa kama kihori, nyuzi zimelazwa juu yake, mzee anaupakata na kusimulia mambo ya kale. Kwa hedifoni za kuziba, enanga inalia kama iko ndani ya sanduku, na ukweli ni kwamba yenyewe ni sanduku, kwa hiyo unapata sanduku ndani ya sanduku. Kwa za wazi unasikia ukucha unavyoondoka kwenye uzi, unasikia mti wenyewe, unasikia mzee akimeza mate kabla ya jina la mtu aliyekufa.

Kazi hii ina sheria moja fupi. Anayerekodiwa anavaa za kuziba, ili kinacholia masikioni mwake kisivuje na kuingia kwenye maiki. Nimewaambia hivyo wote waliowahi kukanyaga chumba hiki, wachungaji, walevi, mabibi harusi. Nimeivunja sheria hiyo mara moja tu, na niliivunja kwa baba yangu mzazi.

Unaikumbuka siku ile. Ulikuwa kidato cha pili, likizo. Babu yako alikuja na enanga yake imefungwa kwenye shuka, na wazee watatu wa kumwitikia, kwa kuwa wimbo wa enanga usipoitikiwa unakufa njiani. Mama yako akawapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopewa, wakaketi kwenye benchi wakitafuna taratibu. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka baadaye niweke ngoma na kinanda chini ya wimbo wake, upigwe hata kwenye harusi. Kwa hiyo nilihitaji asiache mpigo, na nilimwekea masikioni ule mlio wa kompyuta wa kuhesabu, tiki, tiki, tiki. Hakuwa ameniomba ngoma wala kinanda. Nilijiomba mwenyewe.

Nikampa hedifoni za kuziba. Akazivaa, akazivua.

"Ukiniziba masikio nitajuaje kama wananiitikia?" akaniuliza kwa Kinyambo. "Mimi naimbia watu. Siimbii mtungi."

Wale wazee wakamuunga mkono, "Waitu, kweli." Nikashindwa. Nikampa za wazi, za kuziba nikavaa mimi, na sauti nikaifungua mpaka mwisho kama kawaida yangu, maana siku hiyo mashine ya jirani ilikuwa inakoboa. Babu yako akaimba karibu saa nzima bila kukohoa. Nilijiona fundi.

Msimu wa kahawa uliofuata tukamzika. Hakuna kingine alichorekodi popote.

Baada ya kuanua matanga nikaufungua wimbo ule, kwaya ikiwa imejaa humu ndani, watu wakitaka kumsikia mzee. Wewe ulikuwa umevaa zile za wazi. Ukasema, bila ubaya wowote, "Baba, kuna kitu kinagonga nyuma. Tiki, tiki."

Nikasema, "Hao ni wazee wanatafuna kahawa."

Ukasikiliza tena. Ukasema, "Wazee watatu hawawezi kutafuna kwa mpigo mmoja, Baba."

Kwaya nzima ikacheka. Laiti wasingecheka, labda ningesikiliza. Nilikwambia, mbele yao wote, "Huna sikio wewe. Usiguse tena kompyuta yangu." Ulivua hedifoni, ukakunja waya wake vizuri jinsi nilivyokufundisha, ukaziweka mezani, ukatoka. Mpaka siku ile ulikuwa ukitoka shule unapita hapa kwanza. Kuanzia siku ile ukawa unapita moja kwa moja nyumbani, na mimi nikajiambia msichana amekua, ana mambo yake.

Nataka uelewe kwamba sikukudanganya siku ile. Sikuisikia. Niliuchezesha wimbo mara nyingi baada ya wewe kutoka, kwa hedifoni zote mbili, na mara zote nilisikia enanga, nikamsikia mzee, nikasikia viitikio, na zaidi ya hapo kimya. Nililala nikiwa na uhakika. Uongo wangu ulikuja baadaye, na ndio ninaokuandikia barua hii.

Uongo huo ulikuja msimu wa senene uliofuata. Mama yako alisimama mlangoni saa ya magharibi na sufuria mkononi, akasema, "Wasikie, leo wamejaa nyasini." Nikasimama karibu naye. Nilisikia mbuzi wa jirani, nikasikia lori linapanda mlima. Senene sikuwasikia hata mmoja, mimi niliyekua nikiwatafuta kwa sauti yao nyembamba tangu sijui kuvaa suruali. Nikasema, "Ndiyo, wamejaa."

Asubuhi nikaja hapa, nikaufungua wimbo wa babu yako, sikuvaa hedifoni yoyote. Niliutazama kwenye kioo cha kompyuta. Nikavuta mahali ambapo mzee anapumzika kati ya beti, nikaikuza picha ya sauti, nikaikuza tena. Vilikuwepo. Vijino vidogo, vimepangwa sawasawa kama meno ya kitana, kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Ule mlio ulivuja kutoka kwenye hedifoni za wazi ukaingia kwenye maiki iliyokuwa mbele ya mdomo wa baba yangu. Wewe ulisikia. Mimi sauti za juu zilikuwa zimeshaniondoka, moja moja, bila kuaga. Niliziua mwenyewe, kwa miaka ya kujifungia ndani ya zile za kuziba na kufungua sauti ili kushindana na mashine ya kahawa. Mama yako aliniambia nipunguze tangu hujazaliwa. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, na mimi nilikuwa nayo mawili.

Nilipaswa kukuita siku hiyo hiyo. Sikukuita. Niliogopa kwamba ikijulikana fundi wa Omurushaka hasikii, hakuna kwaya itakayopanda ngazi hizi tena, na wewe ulikuwa na miaka ya shule mbele yako. Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kuvaa nje. Ndani nilikuwa naona haya mbele ya mtoto wa kidato cha tatu.

Halafu ikaja siku ya mwalimu wa kwaya wa Rubwera. Labda wewe umeisahau. Alikukuta nyumbani, akakuomba ujiunge, akasema ana upungufu wa soprano. Ulimjibu kwa heshima na uso mkavu, "Hapana Mwalimu, asante. Mimi sina sikio la muziki." Ulisema kama mtu anayetaja kabila lake. Nilikuwa hapo hapo kibarazani nakunja nyaya. Nikaendelea kukunja. Iliniuma, mwanangu, na bado inaniuma, na sina wa kumlaumu.

Ulipochagua kusomea mifugo nilifurahi. Sasa nimeipekua furaha ile na nimekuta sehemu yake ni ya mwoga: nilijua huko hakuna atakayekuuliza habari za sikio.

Nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo barua ya siri haitoshi. Alhamisi, baada ya mazoezi, niliwasimamisha kwaya palepale walipocheka, nikawaambia yote. Kwamba tiki zipo, kwamba ulisema kweli, kwamba mimi sauti za juu sizisikii na nimekuwa nikiziongeza kwenye kazi zao ili angalau nizipate kidogo. Nilitegemea kimya kizito. Mwalimu wao akakuna kichwa.

"Baba Kemi," akasema, "miksi zako zinatuumiza meno tangu mwaka juzi. Tulidhani ndiyo mtindo wa kisasa."

Wakacheka, nami nikacheka. Bado wanakuja. Wamenitafutia binti mmoja wa kwao asikilize kabla ya kazi kutoka, na maiki na nyaya zinabaki kwangu. Nimeishi miaka mingi nikiogopa kitu ambacho waimbaji wote walikuwa wameshakizoea. Sikuandikii ili ubaki, wala ili ubadilishe chuo. Nenda kwa ng'ombe wako.

Na kuna jambo moja zaidi kabla hujarudi kutoka Kibingo. Haya yote niliyokueleza juu, kuta za stoo, magitaa na viti vyao, ukucha kwenye uzi, nimeyaandika kwa kumbukumbu. Juzi nilikaa hapa nikajaribu upya. Nilipiga kwaya, nikapiga singeli, nikapiga rumba, nikibadilisha za kuziba na za wazi, za kuziba na za wazi. Besi niliitofautisha. Mengine yote, kwangu mimi, sasa yanalia sawa. Nilijua hivyo kabla sijaanza, lakini nilitaka nijue kwa kupima.

Bwana mifugo wa Rubwera ameniambia kwamba huko mtapewa kile chombo cha kuweka masikioni, cha kusikilizia moyo na mapafu ya mnyama. Siku moja utasikia kitu ambacho anayekufundisha hakisikii. Inawezekana umekosea wewe. Inawezekana amekosea yeye, au masikio yake yamechoka na hajui. Sikiliza tena. Usikikunje chombo vizuri ukakiweka mezani ukatoka nje kwa sababu mtu mzima amekasirika. Ulifanya hivyo mara moja kwa adabu tu, na adabu ile nilikufundisha mimi.

Hedifoni za wazi nimezifunga kwenye kitenge cha mama yako, ziko juu ya sanduku. Bwenini zitawasumbua wenzako, maana zinavuja, kwa hiyo utafute muda wao wakiwa darasani. Za kuziba zinabaki hapa. Nitazihitaji kwa wanaorekodiwa. Kwenye mfuko mdogo wa hedifoni kuna kadi, na kwenye kadi kuna wimbo mmoja. Nimeambiwa siku hizi kuna namna ya kuziondoa zile tiki. Nimekataa. Sikumwomba babu yako ruhusa ya kuziweka, na wewe sikukuomba radhi kwa kukukatalia ulipozisikia. Ziache kwanza mpaka utakaponisamehe hili la pili. Ndiyo, nakuomba radhi. Nilikunyang'anya kitu kilichokuwa chako, na kwa miaka mingi nilijua kilipo.

Ukifika na ukatulia, tafuta mahali pasipo kelele, vaa hizo za wazi, umsikilize mzee tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha nipigie unieleze ulichosikia, kidogo na kikubwa, hata wazee wakitafuna. Usinipunguzie. Nitakuwa nimekaa na karatasi na kalamu, nitaandika kila utakachosema, na safari hii sitabisha.

Baba yako,
Omurushaka